Anza na mwezi na upande wa kisiwa, hoteli ije baadaye

Swali: Habari za leo, mtaalamu. Tunataka kwenda kupumzika siku kumi kwenye kisiwa cha kitropiki: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa miaka saba na mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua. Nafasi tunayo Agosti au mwishoni mwa Desemba. Nimetazama picha za hoteli mpaka macho yamechoka, na zote zinafanana: mchanga mweupe, maji ya buluu, mnazi ulioinama. Mume wangu anataka tuzungukie visiwa vitatu. Tuanzie wapi?

Jibu: Njema, dada yangu. Umenitajia mambo ambayo watu wengi huyasahau wanapouliza: miezi, umri wa mtoto, magoti ya mama na idadi ya siku. Hayo yanatosha kuanzia kazi. Picha za hoteli zifunge kwanza. Zilipigwa siku nzuri kuliko zote za mwaka, maji yakiwa yamejaa, na aliyepiga alisimama pale mwani usipoonekana. Kitakachoamua kama mtafurahi huko ni vitu viwili ambavyo hoteli haina uwezo navyo: mwezi mtakaokwenda, na upande wa kisiwa mtakaolala. Hivyo vikikaa sawa, hoteli ya kawaida tu itawapendeza. Vikikosewa, hata hoteli ya bei mbaya haitawazuilia upepo.

Tuanze na mwezi. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa tropiki ni joto mwaka mzima, basi mwezi wowote unafaa. Joto kweli halibadiliki sana. Kinachobadilika ni mvua, upepo na vimbunga, na kila bahari ina kalenda yake. Katika Karibi na Atlantiki, msimu rasmi wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Mkienda huko Agosti, mnaingia wakati hatari inapanda. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, penye Morisi, Réunion na Madagaska, na vilevile Pasifiki ya kusini kwenye visiwa kama Fiji, mambo ni kinyume: vimbunga huja kati ya Novemba na Aprili, na vingi vyenye nguvu hutokea Januari hadi Machi. Ufilipino hauna mwezi ulio salama kabisa, lakini vingi huupiga kati ya Julai na Oktoba.

Upo ukanda mmoja ambao vimbunga karibu haviugusi, nao ni wa ikweta yenyewe, takriban nyuzi tano kaskazini na nyuzi tano kusini. Kimbunga hujisokota kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta msaada huo ni hafifu mno. Ndiyo maana Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, na visiwa vingi vya Maldivi haviishi kwa hofu hiyo. Si kwamba haiwezekani kabisa: Desemba 2001 kimbunga Vamei kilizuka karibu na Singapore, nyuzi moja na nusu tu kutoka ikweta. Lakini hilo ni jambo la nadra sana, na nisingeacha kwenda kwa ajili yake. Karibi nako kuna mahali pa aina hiyo kwa sababu nyingine: Aruba, Bonaire na Curaçao viko kusini kabisa, jirani na pwani ya Venezuela, na vimbunga vingi hupita kaskazini yao.

Halafu kuna mvua za kawaida, zisizo na jina la kutisha lakini zinazoweza kukufungia chumbani siku tatu. Hapa usiamini sentensi ya "msimu wa kiangazi katika nchi fulani", maana nchi moja inaweza kuwa na misimu miwili kwa wakati mmoja. Thailand ni mfano mzuri. Phuket, upande wa magharibi, hupata mvua zake Mei hadi Oktoba. Koh Samui, upande wa mashariki, mvua zake kubwa ni Oktoba hadi Desemba. Malaysia ni vivyo hivyo: mwishoni mwa mwaka, Langkawi huko magharibi kunaelekea kukauka wakati visiwa vya Perhentian vya mashariki vina bahari chafu kiasi kwamba hoteli nyingi hufunga milango.

Kwa familia yako, mimi ningechagua Agosti. Wiki ya mwisho ya Desemba ndiyo ghali kuliko zote karibu kila kisiwa duniani. Vyumba vizuri vinakuwa vimeshachukuliwa miezi mingi kabla, na hoteli nyingi hulazimisha idadi ya chini ya usiku wa kulala. Agosti si rahisi pia, kwa kuwa Ulaya nzima iko likizo, ila uchaguzi ni mpana: Bali na Lombok ziko katikati ya kiangazi, Zanzibar masika yameshapita, Fiji na Tahiti kuna ubaridi wa kupendeza, Hawaii kumekauka, na Morisi ni majira yao ya baridi, baridi ya kutaka sweta jepesi jioni. Maldivi kwa Agosti ningeiacha kama mmeganda na picha ya maji tulivu, kwa sababu ndipo pepo za kusini-magharibi zinapoleta mvua na mawimbi. Hiyo iwekeni kati ya Januari na Aprili.

Sasa upande, na hapa naomba unisome polepole, kwa sababu ndipo pesa nyingi za watu zinapopotea.

Visiwa vingi vya tropiki hupigwa na pepo ambazo kwa miezi mingi hutoka upande mmoja: kusini-mashariki kwa walio chini ya ikweta, kaskazini-mashariki kwa walio juu yake. Kisiwa chenye milima husimama katikati ya upepo huo kama ukuta. Hewa yenye unyevu ikigonga mlima hupanda, ikipanda hupoa, ikipoa humwaga mvua. Ikivuka upande wa pili imeshakauka. Tazama kisiwa kikubwa cha Hawaii. Mji wa Hilo, upande wa joshi unaopigwa na upepo, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Pwani ya Kohala, upande uliokingwa wa kisiwa hichohicho, kuna sehemu zisizofikisha milimita 300. Watu wawili wanaweza kwenda kisiwa kimoja wiki moja, mmoja akarudi na habari za misitu na maporomoko ya maji, mwingine akarudi na habari za jua kali juu ya miamba mikavu, na wote wawili wakawa wakweli.

Visiwa bapa vya matumbawe kama vile vya Maldivi havina mlima wa kugawanya mvua, lakini upepo na mawimbi bado vinagawanyika. Na pale ambapo pepo hubadili uelekeo kwa misimu, upande mzuri nao hubadilika. Kule Mahé, ufuo wa Beau Vallon unatazama kaskazini-magharibi. Agosti, pepo zikitoka kusini-mashariki, maji yake ni shwari na mtoto anaogelea. Anse Intendance, kusini mwa kisiwa hichohicho, mwezi huohuo mawimbi yanapiga kwa nguvu isiyofaa kwa mtoto. Fika Januari, pepo zikigeuka, Beau Vallon ndiyo inayochafuka. Morisi nako, Agosti pwani ya mashariki hupigwa na upepo mchana kutwa. Anayeteleza majini akivutwa na tiara ataipenda, bibi anayetaka kukaa kivulini na kitabu hataipenda. Yeye umpeleke pwani ya magharibi, upande wa Flic en Flac.

Upande unaamua hata usafi wa ufuo. Tangu 2011, Karibi imekuwa ikipokea marundo makubwa ya mwani wa kahawia uitwao sagasamu, unaoelea kutoka Atlantiki, zaidi kuanzia majira ya Machi hadi Agosti. Hutua kwenye fukwe zinazotazama mashariki, huoza, na harufu yake ni ya mayai viza. Fukwe za magharibi za visiwa hivyohivyo mara nyingi hubaki safi. Hoteli iliyoko mashariki haitakuandikia hilo kwenye tangazo lake.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama chumba, fungua ramani, tafuta upepo wa mwezi wenu unatoka wapi, kisha tia alama upande uliokingwa. Tafuta hoteli ndani ya alama hiyo tu. Utashangaa orodha ya hoteli mia mbili itakavyopungua ikawa ishirini.

Mkishapata hizo ishirini, angalieni ufuo wenyewe, na hapa mtoto na magoti ya mama ndio wenye sauti kubwa. Fungua picha za setilaiti na ukuze mpaka uone mstari mweupe wa mawimbi yanapovunjika. Mstari ukiwa mbali na nchi kavu, maana yake kuna mwamba wa matumbawe unaokinga, na maji yaliyo ndani yake ni matulivu na ya kina kifupi. Mstari ukiwa umegusa mchanga, mawimbi yanavunjika miguuni mwenu. Rangi ya maji ya ndani nayo inasema: buluu nyeupe kama maziwa ni mchanga, madoa ya kahawia au kijani kizito ni majani ya bahari au mawe. Majani ya bahari si ubaya, ndimo samaki wachanga wanamokulia, ila mtoto atalia kuyakanyaga siku ya kwanza. Palipo na mawe, kila mmoja awe na viatu vya majini, kwa sababu ya wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaojificha kwenye nyufa.

Kisha ulizia kupwa na kujaa. Tofauti kati ya visiwa ni kubwa mno. Tahiti, Karibi na Hawaii, bahari hupanda na kushuka chini ya mita moja, na huenda msione badiliko lolote. Zanzibar, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti hufika kama mita nne, na kwenye pwani ya mashariki maji huondoka mpaka mnaanza kutembea mahali mlipoogelea jana. Mtoto anayependa kutafuta kaa na vinyota vya bahari atakuona umempeleka peponi. Anayetaka kuogelea saa yoyote atanuna. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katikati yake maji huwa mafu, hayapwi sana wala kujaa sana. Na kwa kuwa mahali pamoja bamvua huleta kupwa kwa saa zilezile kila mara, jedwali la maji la mwezi wenu litakuonyesha kama asubuhi zenu zitakuwa za kuogelea au za kutembea. Majedwali hayo hutolewa mapema na yanaaminika kuliko utabiri wowote wa mvua. Siku kumi zenu zikianza siku tano baada ya mwezi mpevu, mtapitia maji mafu kwanza na bamvua ya mwezi mwandamo itawakuta mwishoni.

Neno moja la hatari juu ya maji hayo matulivu. Mawimbi yanayoruka mwamba huingiza maji ndani, na maji hayo lazima yatoke. Hutokea penye mlango, ile nafasi iliyokatika kwenye mwamba, na mkondo wake huwa na nguvu kuliko mwogeleaji mzuri, zaidi maji yanapopwa. Kutoka ufukweni mlango huonekana kama njia ya maji meusi yasiyo na povu, na ndiyo maana mgeni huuona ni mahali salama pa kuogelea. Siku ya kwanza, muulizeni mvuvi au mtu wa hoteli mlango uko wapi, na mtoto aujue. Anayekamatwa na mkondo asishindane nao. Aelee, apunge mkono, aogelee sambamba na ufuo mpaka atoke kwenye njia yake.

Mama mkwe wako ana mahitaji ambayo ni rahisi kuyatimiza yakijulikana mapema. Kwenye visiwa vingi vidogo hakuna gati. Boti husimama maji yakiwa ya magotini au mapajani, unashuka kwa ngazi ya chuma inayoyumba, viatu mkononi, begi likiwa begani kwa baharia. Kijana huona ni raha. Mama mwenye magoti mabovu huona ni aibu na maumivu, tena mara mbili, kwenda na kurudi. Kwa hiyo swali la "kuna gati, na je, linafikika maji yakiwa yamepwa?" ni la lazima. Ulizia pia idadi ya ngazi kutoka chumbani hadi chakulani. Hoteli zilizojengwa mlimani zina mandhari nzuri kwa sababu hiyohiyo ya ngazi. Vyumba vilivyo juu ya maji vizuri kwa picha, lakini kwa mtoto wa miaka saba visivyo na kizuizi pembeni mimi sivipendi hata kidogo.

Mumeo na visiwa vyake vitatu: mwambie kwa upole kwamba siku kumi si siku kumi. Ya kwanza na ya mwisho ni za ndege. Kila kuhama kisiwa kunakula siku nzima, kwa kuwa kuna kufunga mizigo, kuondoka chumbani kabla ya mchana, kusubiri boti, kuvuka, na kusubiri chumba kipya. Mkihama mara mbili mmebaki na siku sita, mkiwa na mtoto aliyechefuka na mama aliyechoka. Ningewapa kisiwa kimoja, au viwili vilivyo karibu kabisa: usiku sita wa kulala kwenye kile chenye ufuo uliokingwa, usiku tatu kwenye kile chenye milima na mambo ya kutazama, na hicho cha pili kiwe ndicho chenye uwanja wa ndege. Hiyo sehemu ya mwisho usiipuuze. Usiku wa mwisho laleni palipo na ndege yenu kubwa. Bahari ikichafuka, boti haziendi, na ndege ya kimataifa haitawasubiri. Kuvuka kwenyewe fanyeni asubuhi, maana sehemu nyingi upepo huongezeka kuanzia mchana.

Na mkifika, angalieni saa ya kutua. Ndege zinazotua majini huko Maldivi haziruki gizani; anayetua Malé, mji mkuu, jioni hulala hapohapo na kulipia usiku ambao hakuupanga. Ndege ndogo za kwenda visiwani mara nyingi huruhusu kilo 15 hadi 20 tu za mzigo, hata kama tiketi yenu kubwa iliwapa 30. Kama mumeo ni mzamiaji, aache angalau saa 18 kati ya kuzamia kwa mwisho na kupanda ndege. Hewa ya naitrojeni iliyobaki mwilini huweza kumdhuru ndege ikipaa.

Afya nitaisema kwa kifupi kwa sababu daktari wako atakujua kuliko mimi. Ulizia kisiwa kina malaria au hakina. Maldivi ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina mwaka 2015, lakini Vanuatu na Visiwa vya Solomon bado inayo. Homa ya dengi iko visiwa vingi zaidi, na mbu wake huuma mchana, hivyo chandarua peke yake hakitoshi. Dawa ya kupaka ni ya asubuhi pia. Visiwa vingi hudai kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka au aliyepita nchi yenye ugonjwa huo. Chanjo hiyo huanza kukubalika siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiiachie wiki ya mwisho, na tangu Julai 2016 kadi yake ni ya maisha. Pasipoti iwe na miezi sita mbele.

Jua la huko lisifananishwe na jua mlilolizoea kama mnatoka mbali na ikweta. Anayeelea kifudifudi akitazama samaki huungua mgongo na nyuma ya mapaja bila kuhisi, maji yakimpoza. Mtoto avae fulana ya mikono mirefu ya kuogelea; inamkinga kuliko krimu yoyote na haioshwi na maji. Krimu mtakayobeba isiwe na oksibenzoni wala oktinokseti, kemikali zinazohofiwa kudhuru matumbawe. Palau ilipiga marufuku krimu zenye kemikali hizo tangu tarehe 1 Januari 2020, na Hawaii ilizuia kuziuza mwaka uliofuata. Kitu kingine cha kubeba kutoka nyumbani ni jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto. Boti ndogo nyingi zina majaketi ya watu wazima tu, na mtoto akivaa kubwa humpanda shingoni na kumtoka kichwani akiwa ndani ya maji.

Sasa kuweka nafasi. Mkishachagua hoteli mbili au tatu, msilipe kwanza. Waandikie ujumbe mfupi: tunakuja tarehe fulani, tuna mtoto na mtu mzima mwenye magoti mabovu. Upepo huwa unapiga ufuo wenu mwezi huo? Mnaweza kututumia picha ya ufuo iliyopigwa leo, maji yakiwa yamepwa? Kuna ngazi ngapi hadi chumba cha chini? Umeme ni wa saa 24 au wa jenereta kwa saa maalumu? Kliniki ya karibu iko mbali kiasi gani kwa boti, na boti inapatikana usiku? Hoteli nzuri hujibu yote na picha inatuma. Inayokujibu kwa kukurushia brosha, iache.

Kisha nunueni tiketi za ndege kwanza, chumba siku hiyohiyo, boti baadaye. Chagueni bei ya chumba inayoruhusu kurudishiwa pesa hata kama ni ghali kidogo. Bima ya safari ikateni mara tu mnapolipa tiketi, na isome kipengele cha vimbunga na cha kusafirisha mgonjwa kutoka kisiwani, maana kimbunga kikishatangazwa na kupewa jina, bima utakayonunua siku hiyo haitakulipia hasara yake.